Mbwa Aliyemjua Bwana Wake

Shikamoo, Mama Nasrin.

Tangu ufunge duka la vitambaa kule Old Korogwe ukahamia kwa binti yako Uingereza, tumezoea kuongea kwa simu. Safari hii naandika, tena hadharani, kwa sababu kwenye simu huwa nakujibu "ndiyo, mama" kabla sijafikiri.

Naikumbuka stoo yako nyuma ya duka, na harufu ya katani iliyotiwa rangi. Mama yangu, Mwanahamisi, amekaa kwenye fremu ya mbao ya kufumia. Mimi nimejilaza juu ya majora. Ulikuwa umemletea picha ya zulia la ukutani lililofumwa Ulaya karne ya kumi na sita kwa ajili ya mtawala mmoja. Lilionyesha hadithi ya kale ya Wagiriki: mwindaji alimwona mungu mke akioga, akageuzwa kulungu, na mbwa wake mwenyewe, aliowalisha kwa mkono wake, wakamrarua. Ulitaka kama hilo, ila kwenye kona zote nne akae tausi wa familia yenu, kama mtawala yule alivyoweka nembo yake.

Jirani yetu wa Kwamsisi alipopita kutusalimu, alicheka.

"Mwanahamisi, mbwa wote hao? Utatawadha mara ngapi?"

"Hawa wa katani hawana mate," mama akasema, wala hakuinua kichwa.

Alifuma akiwa upande wa nyuma, kwenye mafundo na ncha za nyuzi. Uso wa kazi yake aliuona siku ilipokatwa kwenye fremu. Ulishika ncha moja, yeye nyingine, ukamwona mbwa wa mwisho: ameketi, masikio yamelala, anamtazama kulungu usoni.

"Huyu mbona hang'ati? Kwenye picha wote wanang'ata."

"Huyu kamjua bwana wake, mama," Mwanahamisi akakujibu.

Ulicheka mpaka ukafuta machozi. Wiki ile ile ulininunulia sare za shule, na ukanisomesha mpaka chuo kikuu. Huko nilijifunza habari za mazulia yale ya Ulaya. Majina ya waliolipa yamejaa vitabuni. Wengi wa waliofuma hawajulikani kabisa. Nilisoma hayo kwa ada yako.

Mama alifariki mwaka jana. Sasa umelitoa zulia kwa jumba moja la sanaa Tanga, nao wakaniomba niandike maelezo ya kubandika chini yake. Ukanipigia.

"Mwanangu, weka jina la familia yetu tu. Ukianza majina utaishia wapi? Aliyekata mkonge naye? Aliyechemsha rangi?"

Nikasema ndiyo, mama.

Tangu hapo sina raha. Bila wewe fremu isingekuwepo, wala mimi nisingesoma. Mama angesuka mikeka Kwamsisi maisha yake yote bila mtu kumwomba afume hadithi. Hilo ni kweli. Kila nikianza kuandika najiona katikati ya wale mbwa, kinywa wazi, mbele ya mkono ulionilisha. Labda hata sasa, unaposoma, ndivyo unavyoniona.

Jana nilikwenda kulitazama. Wakaniruhusu nishike upande wa nyuma, na mafundo yake yote yapo. Nikarudi mbele, nikasimama mbele ya yule mbwa wa mwisho. Hadithi uliichagua wewe. Tausi ni wako. Yule mbwa hakuwepo kwenye picha yako.

Nimeandika hivi: "Limefumwa na Mwanahamisi wa Kwamsisi, kwa ombi na gharama za Mama Nasrin wa Korogwe." Maelezo yameshabandikwa. Sikukupigia kwanza, kwa sababu ungekataa, nami ningesema ndiyo.

Sijaacha kukujua, mama. Ukipiga nitapokea, hata kama ni kwa kunigombeza. Jikinge na baridi ya huko.

Mwanao,
binti wa Mwanahamisi