Sababu ya Kuwalaza

4 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Vipi magoti? Na ile ngazi ya maabara, bado mnaipanda kwa miguu? Sisi huku hatujambo. Mama Chiriku kikohozi kimemwachia. Mimi mgongo unalalamika kidogo, lakini mwashi asiyelalamika mgongo ujue anashika ramani tu.

Nina mambo mawili. La kwanza ni chumba chako. Kuta zimefika usawa wa dirisha, nikasimamisha kazi hapo, maana sijui unataka dirisha litazame wapi. Njoo uone, hata kwa wiki moja. Najua utasema bakteria wako hawakai siku bila kuhamishwa, kama ulivyosema wakati wa harusi yangu, na tena alipozaliwa Chiriku. Nauliza tu.

La pili, Chiriku ameambiwa shuleni aandike juu ya kazi ya mtu wa familia yake. Amekuchagua wewe. Nilimwambia bibi anachunga wadudu, akanijibu, "Baba, wewe hujui, muulize mwenyewe." Basi nakuuliza. Eleza kwa namna ambayo mtoto wa miaka minane ataelewa.

Mwanao


19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yapo, kila ngazi inanikumbusha kwamba yapo. Mrefu, mwanafunzi wangu anayegonga kichwa kwenye taa kila siku, anasema tuhamie chini. Namwambia chini ni stoo na mimi bado sijawa mzigo. Mpe mkeo pole, namshukuru Mungu amepona. Mambo kama haya siwezi kuyasema kwenye simu, huwa unanikatiza. Karatasi hainikatizi. Msomee Chiriku polepole.

Chiriku mjukuu wangu, bibi yako anafuga viumbe wadogo mno, macho hayawaoni. Wanaitwa bakteria. Wanakaa kwenye chupa yenye maji na sukari kidogo. Wakishiba wanagawanyika: mmoja anakuwa wawili, wawili wanakuwa wanne, mpaka kesho yake sukari imekwisha. Hapo tunachukua tone la wale wa jana, tunalitia kwenye chupa mpya yenye chakula. Tunafanya hivyo kila siku, Jumapili na sikukuu pia.

Sasa sikiliza. Ndani ya kila mmoja kuna maandishi marefu yanayomwelekeza namna ya kuishi. Tunayaita vinasaba. Akigawanyika, anayanakili, kama wewe unavyonakili kutoka ubaoni. Na kama wewe, anakosea herufi hapa na pale. Kosa moja linaua, jingine halina neno, na mara chache sana kosa linamfanya mwenye nalo ale upesi kuliko wenzake. Watoto wa huyo ndio watakaojaza chupa. Sisi kazi yetu ni kusoma maandishi hayo na kuona yamebadilika vipi tangu nilipoanza, wakati nywele zangu zilipokuwa nyeusi.

Utauliza, tunajuaje walivyokuwa zamani? Hapo ndipo ninapopapenda. Mara kwa mara tunawachukua baadhi yao, tunawachanganya na gliserini, hiyohiyo anayokupaka mama yako mikononi, tunawaweka kwenye friza yenye baridi kali kuliko barafu. Hawafi. Wanalala. Ukiwatoa hata baada ya miaka ishirini, ukawapa joto na sukari, wanaamka na kuendelea kana kwamba walikuwa wamefumba macho tu. Kwa hiyo naweza kumtia mhenga na kitukuu wake ndani ya chupa moja, nikaona nani hodari. Mwaka fulani umeme ulikatika wiki nzima, jenereta ikatosha friza peke yake. Tuliwalaza wote, na umeme uliporudi tukaendelea palepale tulipoachia. Kila tukiwalaza hivyo tunabandika karatasi kwenye kasha lao: tarehe, na sababu. Umeme. Bomba limepasuka. Chumba kinapakwa rangi.

Mwanangu, kuhusu chumba nakushukuru kuliko ninavyoweza kuandika. Dirisha weka unapoona panafaa. Natamani kuja, ila unajua hawa viumbe hawawezi kukaa siku moja bila mtu.

Mama yako


6 Machi

Mama,

Shikamoo. Hatujambo, sote wazima. Chiriku alisoma darasani akapigiwa makofi, sasa anatembea kama mkuu wa shule. Ana swali. Mhenga akitiwa chupa moja na kitukuu, kitukuu anamwamkia shikamoo?

Na mimi nina langu. Barua yako nimeirudia. Ukurasa wa kwanza wanalala miaka ishirini. Ukurasa wa pili hawawezi siku moja. Nilipokuwa mdogo nikifanyia hesabu zangu chini ya meza yako, uliniambia friza ile nisiisogelee, nikadhani mna sumu. Kumbe mna vitanda.

Sikuandikii kwa hasira, Mama. Nimeshakuwa mtu mzima na mtoto wangu ananitegemea kwa majibu. Nataka kujua tu. Kwenye makasha yale kuna umeme, kuna bomba, kuna rangi ya ukuta. Je, kuna lolote lililoandikwa "harusi"?

Kuta bado ziko usawa wa dirisha.

Mwanao


23 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na unisamehe kwa kimya changu. Sikuumwa. Natumaini nanyi hamjambo, na mgongo umekupa nafasi.

Mwambie Chiriku hawaamkiani. Wala hawagombani. Wanakula sahani moja, na mwenye kasi anaimaliza. Mhenga hushindwa karibu kila mara.

Kuhusu swali lako: hakuna. Nilikwenda kutazama kasha moja moja, ingawa jibu nilikuwa nalo.

Ningeweza kukueleza kwamba wakilazwa baadhi yao hufa, na kwamba siku za kuwaamsha zina wasiwasi wake. Yote hayo ni kweli. Nilianza kukuandikia hivyo zaidi ya mara moja, nikachana, kwa sababu yalikuwa maelezo mazuri ya jambo ambalo hukuniuliza.

Sababu yenyewe ni hii. Mkuu wa idara anakitaka chumba hiki tangu zamani. Hupita mlangoni akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, hawa wageni wako watapumzika lini?" Maadamu chupa zinatikisika kwenye mashine, hawezi kukigusa. Zikilala hata wiki, niliogopa nitarudi nikute meza za kompyuta, na viumbe wangu hawana pa kuamkia. Kwa hiyo kila mwaka nikasema mwakani. Sasa barua ya kustaafu imeshaletwa, na nimegundua kwamba ninaogopa jambo dogo zaidi. Nikiamka asubuhi na hakuna chupa ya kuhamisha, sijui nitaamkia nini.

Hilo ndilo. Likiandikwa halipendezi, lakini uliuliza vizuri na mimi ni mwalimu.

Mama yako


5 Juni

Mama,

Shikamoo. Habari za huko? Huku ni nzuri. Barua yako niliisoma peke yangu, kisha nikamsomea mke wangu. Akasema, "Mwache mama wa watu, una maswali kama askari." Kisha akaongeza, "Lakini mwambie aje."

Sikuambii uache kazi. Wewe umenieleza yako, acha nikueleze yangu. Saruji ikishatiwa maji haingoji. Nikienda kula nikachelewa, nakuta jiwe. Tofali linangoja; lifunike kwa turubai, mwakani utalikuta vilevile. Mwashi akichanganya hayo mawili, hana kazi. Chumba chako ni tofali, nimekifunika na kitakungoja. Lakini Chiriku ameng'oka meno ya mbele na mengine yameota, na wewe hujaona hata pengo. Zamani alikuwa akiniuliza unakuja lini. Siku hizi haulizi.

Mwanao


24 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini hamjambo nyote. Barua hii usiijibu, jibu lako litapishana na mimi njiani.

Jana nilimwambia Mrefu tunalaza chupa zote. Akatazama taa. "Mwalimu, umeme si upo?"

"Upo."

"Bomba?"

"Bomba zima. Lete gliserini."

Kwanza nilikuwa nimepita kwa mkuu wa idara, nikamwomba chumba kibaki kama kilivyo mpaka nirudi. Akasema atatazama. Najua "nitatazama" si ahadi. Ikibidi, friza nimeshaipatia nafasi kule stoo, na ufunguo anao Mrefu. Akipatikana mtu mwingine wa kuwapa sukari, wataamka. Wao hawana haraka; mwenye haraka nilikuwa mimi.

Tulipomaliza nikaizima mashine ya kutikisia. Mngurumo wake nilikuwa nimeacha kuusikia zamani, nikausikia ulipokoma. Mrefu akasimama katikati ya chumba. "Kumbe nje kuna ndege," akasema.

Kisha akashika karatasi ya kubandika, akaandika tarehe, akaningoja nimtajie sababu. Nikamnyang'anya kalamu, nikaandika mwenyewe: Dirisha.

Akasoma, akatikisa kichwa. "Mwalimu, atakayekuja kuwaamsha atadhani kioo kilivunjika."

"Mwache adhani."

Basi ukuta usiupandishe. Nataka nisimame humo asubuhi, nione jua linaingilia upande gani. Na umwambie Chiriku aje kunipokea stendi, anishikie mkoba, na aniamkie vizuri. Sisi si bakteria.

Mama yako