Marehemu Alisimama Getini

Kituoni kwetu, chumba cha midoli
Jumamosi asubuhi

Mpendwa Mama Mdogo,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kile kiti chako karibu na dirisha. Goti linasemaje? Na baridi ya huko imelegea, au bado mnalala na soksi? Sisi huku hatujambo. Mama anakohoa kidogo, lakini anagombana na kila mtu kama kawaida, kwa hiyo tunajua ni mzima. Mume wangu anakusalimu. Mdogo wetu wa mwisho amenyoa kipara bila kuuliza mtu, na sasa anavaa kofia hadi mezani.

Mara ya mwisho uliniuliza kama bado nacheza na watoto wa watu. Bado. Wanatoka shule mchana wamechoka, tunawapa kitu cha kutia tumboni, tunawasaidia kazi za darasani, kisha wanacheza mpaka wazazi watoke kazini. Watu wanaona ni kazi ya kukaa tu. Ila ina sheria moja isiyo na mzaha: mtoto hapewi mtu tusiyemjua, hata alie machozi ya damu.

Sheria hiyo ndiyo iliyonifikisha kwenye jambo ninalokuandikia. Limetokea wiki hii.

Tuna msichana mmoja tunamwita Chiriku, kwa sababu huongea hata akiwa na chakula mdomoni. Ana miaka saba na hana meno ya mbele. Analelewa na bibi yake, fundi cherehani, mama mmoja mnyoofu anayeheshimika mtaa mzima. Ndiye aliyetushonea mapazia ya kituo na nguo za midoli yote. Siku alipomleta mtoto alitueleza kwamba mama yake alifariki ugenini Chiriku akiwa bado anatambaa, akatuomba tusimguse mtoto kwa jambo hilo. Tukaheshimu. Siku watoto wenzake wakichora mama zao, Chiriku humchora bibi na cherehani, na cherehani huwa kubwa kuliko bibi.

Sasa, Jumanne nilikuwa nimekaa chini na watoto tunajenga mnara wa matofali ya plastiki. Mlinzi wetu akaja mlangoni. Huyu tunamwita Kanali ingawa hajawahi kushika hata manati, na si kawaida yake kuacha geti. Akaniambia kwa sauti ya chini kuwa kuna mwanamke nje anamuulizia Chiriku, na anasema ni mama yake.

Nikamwambia Chiriku hana mama.

"Nimemwambia hivyo," Kanali akasema. "Anasema anaye."

Nilitoka nimekunja uso, nimejiandaa kumpa mwizi wa watoto vidonge vyake. Lakini nilipomuona, nikamtazama kwanza. Mwanamke mwembamba, nywele fupi, ameshika mfuko wa plastiki. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, wa pili anausugulia kwenye shavu la mguu. Mama Mdogo, Chiriku akiitwa kwa kosa husimama hivyohivyo. Hakuna aliyemfundisha.

Hakuomba apewe mtoto. Aliomba amuone tu, hata kwa dirishani. Nikakataa. Akasema sawa, akaenda kukaa ukingoni mwa barabara, mfuko wake mapajani. Angepiga kelele ningejua la kufanya.

Nikamwambia Kanali afunge geti, mwenzangu nikamtuma awapeleke watoto uwanja wa nyuma, nami nikampigia simu bibi. Nilitegemea apige yowe, aniambie niite polisi. Nikasikia cherehani ikiendelea kidogo, kisha ikasimama.

"Usimpe mtoto," akasema. "Nakuja."

Hakuuliza ni mwanamke gani. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Alifika utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni, miguuni kandambili za ndani. Alimpita yule mwanamke kama mtu anavyopita nguzo ya umeme. Akaingia chumba cha midoli, akajishusha kwenye kiti cha watoto, magoti yakamfika kifuani.

"Ni mwanangu," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia. Kisha akaeleza huku akiangalia sakafu: binti yake alikwenda nje kufanya kazi, akakamatwa na mzigo wenye dawa za kulevya, akafungwa. Habari zilipomfikia, alishindwa kuzitamka mbele ya majirani. Alisema amekufa. Watu wakaja kumpa pole. Wakakaa, wakalia, wakaomba dua kwa ajili ya mtu aliyekuwa hai, anakula chakula cha gerezani. Na binti alipotuma ujumbe kuuliza hali ya mwanawe, bibi hakujibu hata mara moja.

Nimeona mengi katika kazi hii. Nimeona watoto wakivunjika mikono na wazazi wakishikana mashati getini. Lakini siku ile, mbele ya mama mtu mzima, nilikosa hata pole ya kumpa. Na ningempa pole ya nini?

Baadaye yule mwanamke wa getini alinieleza kuwa yeye mwenyewe alikuwa hajui kwamba alishakufa. Alipofunguliwa gerezani alifika mtaani kwao, akaogopa kubisha kwa mama yake, akabisha kwa jirani, na jirani alipofungua mlango alipiga ukelele, akakimbilia uani. Mume wa jirani ndiye aliyemwambia taratibu, kwa mbali, kwamba walishamlilia. Akamwelekeza kituoni kwetu.

Bibi aliniomba nimtoe na mtoto kwa mlango wa nyuma. Nikamwambia mtoto nitampa, maana ndiye mlezi ninayemjua, lakini sitamtorosha kama mzigo wa wizi. Atatoka getini kama siku zote.

Wakatoka. Chiriku alikuwa anasimulia habari za jino linalotikisika. Alipofika usawa wa yule mwanamke akasema shikamoo, kama anavyomwamkia kila mtu mzima.

"Marahaba, mwanangu," yule mwanamke akajibu.

Neno hilo kila mtu humwambia mtoto yeyote, Mama Mdogo. Chiriku hakugeuka hata shingo, akaendelea na jino lake. Mimi nilishika geti kwa mikono miwili. Kanali akaenda kusimama nyuma ya kibanda chake, akasema vumbi limemuingia machoni, na siku ile hapakuwa na upepo.

Tulimwita afisa wa ustawi wa jamii. Akawasikiliza wote wawili, akaamua mtoto akutane na mama yake hapa kwetu, akicheza, na ukweli aambiwe na bibi mwenyewe akiwa tayari. Bibi akakubali, lakini uso wake ulisema hatawahi kuwa tayari.

Jana ndiyo ilikuwa siku. Yule mama alikaa kwenye mkeka, hajui mikono aiweke wapi. Bibi alibaki nje kwenye benchi. Chiriku akamzunguka mgeni, akamkagua, akaamua wacheze baba na mama.

"Wewe utakuwa mtoto," akamwambia. "Mimi ndiyo mama."

Akamfunga kitambaa shingoni, akamnywesha chai ya hewa kwa kikombe cha plastiki. Halafu akamfokea, kiganja kiunoni, sauti ya bibi yake kabisa, kwamba amechelewa kurudi nyumbani, alikuwa wapi siku zote hizo.

"Nilipotea, mama," yule mwanamke akasema.

"Basi njoo ule."

Nilipoinua macho, bibi alikuwa mlangoni. Sijui alisimama pale tangu lini. Akavua kandambili, akaja akakaa mkekani, akamshika Chiriku mikono. "Huyu ndiye mama yako," akasema. "Hakufa. Mimi ndiye niliyesema uongo."

Nilitegemea kilio au kukumbatiana. Chiriku alimwangalia mmoja, akamwangalia mwingine, akanyamaza. Tangu nimjue sijawahi kusikia ukimya wake. Kisha akauliza, "Kwa hiyo alikuwa hai hata siku niliyoanza shule?"

Hakusubiri jibu. Akaingia chini ya meza ya kuchezea matofali akajikunyata huko.

Mama yake hakumvuta. Alilala chini kwenye mkeka, shavu sakafuni, ili awe usawa wake, akakaa hivyo. Watoto wengine walianza kuchukuliwa mmoja mmoja. Ndipo tofali jekundu likasukumwa kutoka chini ya meza. Yule mama akaliweka mbele yake. Likaja la pili, akalipandisha juu ya la kwanza. Walijenga hivyo mpaka nikawasha taa.

Waliondoka watatu. Bibi alitangulia, na aliniambia anapitia kwa majirani wote, nyumba hadi nyumba, kuwaambia kwa kinywa chake. Chiriku hakushika mkono wa yeyote, alitembea katikati.

Mama Mdogo, sasa nakuomba usiikunje barua hii. Siku ile nyumbani kwa Mama ulisema mbele yetu sote kwamba mwanao kwako alishakufa. Tulinyamaza kwa heshima. Mimi leo nimeona neno hilo likikaa kwenye kiti cha mtoto, na siwezi kunyamaza tena. Kaka, huyo mwanao, alipita kwa Mama mwezi jana. Amekonda, ila anacheka vilevile, kichwa kikienda nyuma. Hakunituma. Aliuliza tu kama bado unaimba ukiosha vyombo, na tulishindwa kumjibu kwa sababu hatujui.

Yupo hai.

Msalimie Baba Mdogo na yule jirani yako mwenye paka. Mama anakusalimu, na anadai sufuria lake. Mungu akulinde, akupe usingizi mzuri, na akupe miguu ya kuinuka siku utakaposikia hodi.

Mwanao wa kwa dada yako, akupendaye siku zote,
Anti wa Watoto