Mama Mkwe Hajawahi Kushindwa, na Kosa ni Langu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maana maji yamenifika shingoni na kila ninayemweleza anacheka kwanza ndipo ananiuliza kama nasema kweli.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na tisa, nina mke na mtoto mmoja, kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia hospitalini, na tangu ujana nina ugonjwa wa mchezo mmoja unaoitwa vita vya mezani. Usishtuke. Ni askari wadogo wa plastiki, urefu wa kidole, unawapaka rangi mmoja mmoja kwa brashi nyembamba, unawapanga mezani jeshi kwa jeshi, unapima kwa futi wanaweza kusogea kiasi gani, unarusha dadu kuona nani kapigwa na nani kapona, na mchezo mmoja unaweza kula saa nne nzima huku watu wazima wenye familia zao wanagombania sentimita moja. Nilikotoka tulikuwa wanne, tulicheza kila Jumamosi kwa miaka tisa, na mmoja wao ndiye aliyenisimamia siku ya harusi yangu.

Basi mwaka jana nikahamishiwa hospitali ya huku, mji alikozaliwa mke wangu, yeye akafurahi kurudi kwao na mimi nikaja na masanduku mawili ya askari na hakuna wa kucheza naye. Nimetafuta, mshauri, usidhani nimekaa tu. Nilibandika tangazo kwenye ubao wa hospitali, wakaja watu wawili, mmoja akauliza kama kuna posho na mwingine alitaka meno. Nikaenda kwa wacheza drafti wa nyuma ya kituo cha mafuta, nilipotoa futi mfukoni wakadhani nimekuja kupima kiwanja, wakatawanyika. Jirani yangu ni mwanajeshi mstaafu, nikasema huyu hapa, Mungu amenisikia, nikamtandikia meza nzima na vilima na mto, akaitazama, akanitazama, akasema, "Kijana, mimi nililala kwenye matope miezi minane kwa amri. Wewe unataka nirudi kwa hiari?" Nikaishia kucheza peke yangu, nakaa upande huu, nasogeza jeshi, nainuka, nazunguka meza, nakaa upande ule, nashangaa nilivyovamiwa.

Jumatano moja mama mkwe akaingia kwa mlango wa jikoni akanikuta katikati ya kuzunguka. Huyu mama ni mjane, ni mkunga mkuu mstaafu, amezalisha nusu ya mji huu, na wanaume wenye ndevu wakikutana naye barabarani wanatoa mikono mfukoni. Akasimama akauliza, "Baba, unacheza na nani?"

"Na mimi mwenyewe, mama."

"Nani anashinda?"

"Mimi."

"Na anayeshindwa?"

"Mimi pia, mama."

Akaweka mkoba chini, akavuta kiti, akasema, "Nionyeshe."

Nikamwonyesha, na loo, mshauri, yule mama ana kichwa! Sheria nilizosoma mimi mwezi mzima yeye alizishika kwa mchana mmoja. Askari wake anawasukuma mbele kwa sauti ileile ya wodini, "Haya sukuma, sukuma, usinipotezee muda!" na waliokufa anawalaza kwenye leso safi kwa mstari, anawafunika. Lakini ilipofika saa ya tatu ya mchezo wetu wa kwanza farasi wake wote walikuwa wamenasa kwenye kinamasi mbele ya mizinga yangu mitatu, na mimi ndiye wa kurusha dadu, na mkono ukagoma. Nimelelewa kwamba mbele ya mkwe hata miguu hunyooshi, sasa mtu unaanzaje kumlipua? Nikajifanya nimeona hatari nyuma, nikaondoa mizinga, akatoka kinamasini, akanifagia. Alipiga kigelegele mpaka mtoto akaja mbio kuuliza nani anaolewa.

Ndivyo ilivyoanza, na tangu siku hiyo kila Jumatano tunacheza, na tumecheza mara kumi na tisa, na nimeshindwa mara kumi na tisa. Nimekuwa fundi wa kushindwa kuliko nilivyo fundi wa meno. Nasahau askari wa akiba, napima vibaya, naacha milango ya ngome wazi kama nyumba ya mlevi. Na wala mchezo haunogi tena, kwa sababu yeye mwenyewe siku hizi kigelegele hapigi, anakusanya vitu vyake kimya kimya, anakuja na daftari alilojaza mahesabu yake ya vita, na wiki mbili zilizopita nilipoacha daraja bila mlinzi aliniuliza mara tatu, "Una uhakika, baba?" nikasema nina uhakika, mama, akaguna, akavuka. Alipomaliza akamwambia mke wangu, "Mumeo ana adabu mno," akaondoka bila hata kumaliza chai.

Sasa sikia balaa. Mwezi huu alikwenda kwa fundi miwani kubadilisha kioo, akaona kwenye rafu farasi mdogo aliyepakwa rangi, akauliza. Kumbe wako watano! Wanacheza kila Jumamosi kwenye chumba cha nyuma ya duka lile, mita mia nne kutoka hospitalini kwangu, na mimi nimepita pale mwaka mzima nikijionea huruma. Mama akawaambia, "Mimi nacheza. Sijawahi kushindwa. Nitakuja na mkwe wangu, yeye bado anajifunza." Wakafurahi sana, wakamwandalia meza kubwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi acheze na fundi miwani mwenyewe, ambaye ndiye bingwa wao.

Mshauri, watamchinja. Atajua pale pale mbele ya wanaume wageni kwamba ushindi wake wote nilikuwa namgawia mimi. Nikaona nizuie mapema, Jumatatu nikaenda dukani, nikamvuta fundi miwani pembeni, nikamwomba amwachie mama ashinde mara moja tu, ya kwanza. Akavua miwani yake akaifuta, akasema, "Kaka, sisi hapa hatuachiani. Na kama hivyo ndivyo unavyocheza, fikiria vizuri kama uje." Kwa hiyo sasa nimewapata watu niliowatafuta mwaka mzima, na karibu nimeshawapoteza kabla hata hatujapanga askari. Mke wangu anasema nisithubutu kumharibia mama yake furaha, tangu baba afariki hajamwona hivi. Rafiki yangu wa zamani kwenye simu anasema nijivunje mguu. Nikimwambia mama ukweli nimemvunjia heshima, nikinyamaza atavunjwa na wengine. Nimeze nashindwa, niteme nashindwa. Nifanyeje?

Wako, Fundi Meno.

Shangazi anajibu:

Mwanangu Fundi Meno, nimekusoma nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta, halafu nikasoma tena nikakasirika, kwa hiyo kaa sawasawa.

Tuanze na pole, maana unaistahili. Kuhama ukiwa mtu mzima si mchezo. Mtoto akihamia mtaa mpya asubuhi, jioni ana marafiki sita na kidonda cha goti. Mtu mzima anakaa mwaka anasalimiana na mlinzi wa geti. Upweke huo naujua, nimeuonja. Pole imeishia hapo.

Mimi pia ni mama mkwe, nina wakwe watatu, na nakwambia hivi: heshima ni kuniamkia, kunipisha kiti, kunipokea mzigo. Kumchukua mwanamke aliyeongoza wodi ukamwachia ashinde kama unavyomwachia mtoto wa miaka minne kwenye mbio, hiyo ni dharau iliyopigwa pasi. Mara kumi na tisa! Huna hata haya ya kuhesabu.

Eti hajui. Hajui nini? Huyo mama amefanya kazi maisha yake yote na watu wanaomwambia "siumwi" huku wanang'ata shuka. Mficha uchi hazai, na yeye methali hiyo ameifanyia kazi, hakuisoma kitabuni. Nani anashinda vita halafu anaondoka bila kumaliza chai? Mara tatu alikuuliza kama una uhakika. Alikuwa anakufungulia mlango useme ukweli, na wewe mara tatu ukaufunga, kwa adabu, usoni mwake. Na ile "bado anajifunza" unadhani ilimponyoka? Ilikuwa yako hiyo, mwanangu.

Ni mjane, kazi imekwisha, ameamka na akili ileile ya kuendesha wodi nzima na hana pa kuipeleka. Akajaza daftari kwa ajili ya Jumatano yako. Wewe umezunguka mji kwa wacheza drafti na wanajeshi wastaafu ukitafuta mtu wa kukaa upande wa pili wa meza, na huyo mtu amekaa hapo miezi mitano akikusubiri ucheze. Alipochoka kusubiri akatoka akatafuta wengine, akawapata kwa siku moja, na bado akakumbuka kusema atakuja na wewe. Mimi ningekuacha.

Kwa hiyo, utafanya hivi. Mkeo mwambie leo, na akikuambia usimharibie mama furaha, muulize mara ya mwisho kusikia kigelegele ni lini. Fundi miwani kamwombe radhi, na usimweleze hadithi ndefu, mwambie ulikosea na utakuja kucheza kweli. Yule ana msimamo, ndiye rafiki uliyekuwa unamtafuta, usimpoteze kwa aibu.

Halafu nenda kwa mama mkwe, usingoje Jumatano. Usipige simu kwanza, atakuuliza kuna nini na wewe utadanganya tena, nakujua sasa. Ukifika sema, "Mama, nisamehe, nilikuwa nakuachia." Maneno hayo tu. Hotuba ya malezi yako na miguu isiyonyooshwa baki nayo. Atakutukana kidogo, inamisha kichwa. Atakuambia panga meza, panga.

Jumamosi mwache apigane na mpinzani wake. Usimkoholee, usimkonyeze, usimsogelee kumpa ishara. Akishindwa usimpoze, muulize tu angefanya nini tofauti, na ujiandae kusikiliza mpaka giza liingie. Atakuwa ameshindwa na mtu aliyemhesabu kuwa mchezaji, na hilo hakulipata nyumbani kwako.

Lakini kabla ya Jumamosi ana haki ya kushindwa na mtu wake. Kwa hiyo mwamkie vizuri, kiti chenye mto akalie yeye, chai yake aimalize. Kisha chukua dadu, mwanangu, na umchape.