Kabari za Tela la Baba

Huancayo, 9 Agosti

Kaka yangu Wilmer,

Nakusalimu wewe na shemeji, nikitumaini kile kikohozi cha vumbi la Iquique kimekuachia. Huku tu wazima. Mama anasumbuliwa na magoti baridi ikizidi, lakini Jumapili hakosi sokoni. Ba'mdogo Teófilo anatembea vizuri na mguu wake wa bandia, na bado anawatania wajane wa mtaa mzima. Miaka kumi na moja imepita tangu uondoke, kaka, na mama akimenya viazi bado anajisahau, anamenya na vyako.

Unajua siku hizi nakagua magari makubwa. Nje ya geti la kituo cha ukaguzi mambo ni yale yale: madereva wanaazimana vizima moto, pembetatu za kuweka barabarani, hata matairi. Juzi kizima moto kimoja kilipita mbele yangu kwenye malori manne asubuhi moja. Dereva wa nne nilimuuliza kama ni chake au amekioa kwa zamu.

Jumanne iliyopita akaingia baba, bila kuniambia, na tela lile lile la kubebea madini. Mwenzangu alikuwa mgonjwa, kwa hiyo akanikuta mimi. Akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Angalia haraka, binti, mzigo unanisubiri La Oroya." Taa zilikuwa sawa. Pini ya kuungia tela ilikuwa na grisi safi. Lakini nilipotoa upepo wote ili breki zijifunge zenyewe, kisha nikamwambia avute kidogo, magurudumu ya nyuma yaliendelea kuzunguka kama hayajaambiwa kitu. Nikaingia uvunguni. Springi ya breki ilikuwa imekatika, na boliti yake imekazwa kuizuia breki isifunge, ili gari litembee hivyo hivyo, bovu. Nikaandika kwamba halijapita.

Madereva wakaangua kicheko. "Don Eulogio, umefuga nyoka nyumbani!" Nilingoja matusi ya baba. Hayakuja. Alikaa juu ya tairi la akiba, akanishika mkono, akasema, "Ungekuwa kazini mwaka ule, Wilmer angekuwa anakula mezani kwangu."

Hapo ndipo aliponieleza. Siku ile pale Ticlio, mlipolifungua tela kutoka kwenye kichwa cha lori mkaliacha mteremkoni, springi ilikuwa imekatika miezi miwili nyuma. Baba alijua. Alikaza boliti vile vile, akategemea kabari za mbao chini ya magurudumu. Tela liliposerereka na kuuponda mguu wa ba'mdogo, baba alitangaza mbele ya watu wote kwamba wewe ndiye uliyezembea kuweka kabari. Aliniambia kwamba aibu ilimzidi nguvu, na kila mwaka uliopita ukweli ulizidi kuwa mzito kuutoa.

Jioni ile alimweleza ba'mdogo. Ba'mdogo aliweka kijiko chini, akalisogeza bakuli la supu pembeni. Kisha akasema, "Mguu nilishausamehe zamani, Eulogio. Ila yule mtoto, kamuombe mwenyewe."

Sasa kaka, vuta kiti ukae, maana hili ni langu.

Ulisema siku ile kwamba ulizitafuta kabari kwenye sanduku la tela ukazikosa, ndipo ukaweka mawe. Hakuna aliyekuamini. Mama alikuita mwongo. Hukuwa mwongo. Kabari nilizitoa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na Rolin, yule kijana wa lori la kijani, alikuwa na ukaguzi. Aliniomba, nikampa juu ya ukuta, nikiona fahari kwamba ameniomba mimi. Aliahidi kuzirudisha jioni ile ile. Hakuzirudisha, na ninyi mliondoka alfajiri. Alizileta mchana, mkiwa tayari mlimani. Nilizificha nyuma ya banda la simbilisi, na baadaye nikazichoma jikoni, moja baada ya nyingine.

Mliporudi kutoka hospitali ulisimama uani ukifokewa, ukanitazama. Nadhani ulitaka mtu mmoja tu akutetee. Mimi niliinama nikaendelea kupukuchua mahindi. Wiki ya tatu ukapanda basi. Tangu hapo kila basi linaloshuka kutoka kusini huwa nalitazama mlango mpaka abiria wa mwisho ateremke.

Jana nimewaambia wote. Mama hajanisemesha tangu jana, na simlaumu. Ba'mdogo alinipiga kichwani kwa mkongojo, si kwa nguvu sana, akaniamuru nikuandikie leo leo.

Tela limewekwa springi mpya na mwenzangu amelipitisha, lakini baba bado hajalirudisha barabarani. Yuko hapa pembeni yangu. Ananiambia niandike hili, kisha anasema nisiandike. Mwisho amesema niulize tu kama anaweza kuja Iquique, na kama hutaki alale kwako, atatafuta pa kulala.

Tumekukumbuka, Wilmer. Siwezi kuliweka vizuri zaidi ya hivyo.

Msalimie shemeji, na umbusu mtoto ambaye hatujamwona. Ukijibu, mjibu baba kwanza. Mimi hata ukinyamaza, nitajua nimestahili.

Ni mimi mdogo wako,
Nélida Huaroc