Difu Uliyonifundisha Kufunga

Katwe, Kampala
Jumatatu

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Kifua kimepona? Na Mama, bado anakuficha chumvi? Mimi mwili ni mzima, ila moyo umechafuka. Ningepiga simu, lakini najijua: ningechekacheka mpaka salio liishe bila kusema kitu.

Baba, nimekuvunjia heshima mbele za watu.

Unajua siku hizi natengeneza yale magari madogo ya rimoti, ambayo watu wazima hushindana nayo Jumapili huko Mengo. Usicheke. Magurudumu yote manne yanavuta, na kila gari lina difu tatu za kugawia magurudumu nguvu: mbele, katikati na nyuma. Ndani yake tunatia mafuta mepesi tukitaka magurudumu yaachiane kwenye kona, au mazito tukitaka yashikane.

Afande mmoja mstaafu, mteja wangu mkubwa, aliniletea gari lake jipya, akitaka lisiteleze. Nikakumbuka lori lako la njia ya Shabunda, huko kwetu Kongo, ulivyochomelea difu ya nyuma ili magurudumu yote mawili yasukume pamoja kwenye tope. Nikaifunga ya kwake kwa gundi ya chuma. Kumbe uwanja ulikuwa mkavu kabisa. Kona ya kwanza gari lilikataa kukunja. Ya pili mkia ulichomoka, likabiringika hadi ukutani na kuvunjika mguu wa mbele.

"Wewe Kongo, nani alifundisha wewe hii mambo?" Afande aliuliza, kila mtu akisikia.

Kosa lilikuwa langu. Wewe ulifunga difu kwa sababu ya tope, na uliniambia hivyo waziwazi. Lakini nilijibu, "Ni mzee moja tu huko kwetu, Afande. Hajui kitu."

"Sasa huyo mzee aliua gari ya watu ngapi?"

Wakacheka. Nami nikacheka, Baba, tena kuwazidi wote.

Gari nimelitengeneza. Nyuma nimetia mafuta mepesi, katikati mazito kidogo ili nguvu yote isikimbilie mbele. Linakunja vizuri sana. Afande amefurahi na amesahau, mimi ndiye sijasahau.

Halafu jana Mama akaniambia unakuja kuona karakana yangu, na kwamba unawatangazia majirani kuwa mwanao amerithi mkono wako. Niliona haya mpaka nikakata simu, nikasingizia mtandao.

Msalimie Mama, yaya, dada yangu aliyenibeba mgongoni, na mjomba wetu mchungaji. Tafadhali usiwasomee haya.

Njoo, Baba. Afande hupita hapa kila asubuhi. Nitamwambia mbele yako kwamba wewe ndiye yule mzee, na kwamba nilidanganya. Naye akikuuliza kama mimi ni mwanao, nitasikiliza utakavyojibu.

Ni mimi,
Bahati