Dakika Nilizompa Evaline

Nambis, Mbulu
9 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Rogathe,

Marahaba, maana ungekuwa hapa ungeanza na shikamoo. Huko Morogoro hamjambo? Kifua cha shemeji Modest kimepona? Sisi wazima, ila baridi ya mwezi huu inauma. Maharage tumevuna, na yule ng'ombe mweusi amezaa jike.

Nashukuru unakaa karibu na chuo cha mwanangu. Nambis nzima, nitajie mwingine aliyeifundisha kompyuta kutafuta njia! Evaline alichora vijiji vyetu kama nukta, akaviunganisha kwa mistari, kila mstari na dakika zake za kutembea. Ukitaja utokako na uendako, programu inajumlisha, inakuchagulia njia ya dakika chache kuliko zote. Aliijaribu kwa vijiji vinne, akahesabu na kwa mkono, majibu yakalingana. Nilipiga vigelegele jikoni peke yangu.

Dakika alizikusanya kwa watu. Za njia ya bondeni hadi ng'ambo aliniuliza mimi. Nikasema arobaini. Akashangaa, "Mama, kweli?" Nikamjibu, "Miguu hii ndiyo iliyokubeba, unaibishia?"

Likizo ya Pasaka akampa Bura, bwana mifugo, programu aijaribu kupeleka chanjo ya kuku. Ikaiacha barabara ya juu, ikampitisha bondeni. Alifika barafu imeyeyuka, chanjo ikatupwa. Akarudi na matope hadi magotini, akasema mbele ya watu, "Kompyuta ya mwanao haijawahi kupanda mlima!" Watu wakacheka. Mwanangu akaniangalia. Nami nikacheka, Rogathe.

Tangu hapo anaipekua programu mstari kwa mstari, haoni kosa. Juzi kapiga simu: Ijumaa atamwambia mwalimu imemshinda, aiache. Nikamwambia ale vizuri. Hilo tu ndilo lililonitoka.

Programu haina kosa. Ilichagua sawasawa kwa uongo nilioipa.

Jana nimeazima saa ya baba yake, nikaipita njia ile mwenyewe. Kila nikimpigia ulimi unagoma, ndiyo maana nampa Emanuel, kijana wa jirani, barua hii, anapanda basi la huko kesho. Mpelekee Evaline kabla ya Ijumaa. Msomee yote, usiruke mahali.

Msalimie shemeji na Pascal wako. Baba Evaline anawasalimu. Mungu alinde mlango wenu.

Dada yako akupendaye sana,
Genoveva

Bondeni hadi ng'ambo: saa moja na dakika hamsini. Nilikaa chini mara tatu. Aandike hivyo hivyo.