Vigamba vya Tabaka la Chini

Jumatatu, 3 Februari
Hadubini tangu asubuhi. Feni imezimwa, madirisha yamefungwa, upepo usinipeperushie kazi; jasho mpaka kwenye nyusi. Tope hili lilitolewa sakafuni mwa bahari, mbele ya mdomo wa Tana. Nikilichuja hubaki vigamba vya viumbe wa baharini, vidogo kama chembe za chumvi. Naviokota kwa ncha ya brashi iliyoloa. Vyeupe, vizima, vya aina moja. Vya kahawia naviacha: huenda vilisombwa kutoka tope kongwe zaidi, vitadanganya umri. Ijumaa kifurushi kinaondoka kwenda kupimwa kaboni, tujue umri wa tope.

Jumanne, 4 Februari
Tabaka la chini kabisa, lenye vigamba haba, limetosha! Mizani imekubali. Najiona mkubwa. Aabo, baba yangu, amekuja kutoka Sangailu kunitembelea. Anataka kuona kazi ya bintiye.

Jumatano, 5 Februari
Msiba. Nilitoka kumchukulia Aabo maji. Kurudi, feni inazunguka. Alinihurumia joto, akaiwasha. Trei ya tabaka la chini tupu.
"Nimeharibu nini, Hodan?"
"Hakuna kitu, Aabo."
Nikaenda chooni kulia. Nilimkasirikia baba yangu. Kisha nikajikasirikia mimi. Trei sikuifunika.

Alhamisi, 6 Februari
Lilibaki tope kidogo la tabaka lile. Nimeokota mpaka shingo imekakamaa. Havitoshi. Yusuf, mwenzangu wa maabara, akasema, "Ongeza vya kahawia. Wallahi, nani atajua?"
Mimi nitajua.
Nimempigia Dakta Mwanaisha, msimamizi wetu, nikamweleza yote. Akasema, "Tuma hivyo visafi. Kwa uchache wake, umri utakuja na shaka kubwa kidogo, lakini utakuwa wa kweli."
Jioni nimemwambia Aabo ukweli. Ameinamisha kichwa. Nimemshika mkono.

Ijumaa, 7 Februari
Kifurushi kimeondoka. Hakuna kigamba hata kimoja ninachokionea haya.

Jumanne, 22 Aprili
Umri umekuja. Kila tabaka ni kongwe kuliko lililo juu yake. La chini lina shaka kubwa, lakini limekaa mahali pake.
Nimempigia Aabo. Akauliza tope hilo ni la zamani kiasi gani. Nikamwambia, kuliko kisima chochote alichowahi kunyweshea ng'ombe.
Nikamsikia akiwaeleza waliokuwa naye, polepole, kama mtu anayetaja nasaba: binti yangu ndiye aliyechagua kila kigamba. Simu hakuikata. Nami sikukata.